Nilimsemea Mtoto Ambaye Hakunituma

Mtu akitaja Magogoni katika mazungumzo ya siasa za nchi yetu, wasikilizaji huelewa mara moja kwamba anazungumzia Ikulu. Jina hilo limebeba uzito wa mamlaka kwa muda mrefu kiasi kwamba hata baada ya shughuli nyingi za Serikali kuhamia Dodoma, bado wapo wanaosema "Magogoni wameamua". Kwangu mimi, ambaye kwa miaka mingi nimevuka kwa pantoni kutoka Kigamboni kila asubuhi kwenda kufundisha, Magogoni ni pia harufu ya samaki wa kukaanga, kelele za mnada wa alfajiri pale Feri, na watoto wanaoparua samaki kwa malipo ya sarafu chache wakati wenzao wako darasani. Mtoto ninayetaka kumzungumzia leo nilikutana naye hapo, mahali ambapo mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi lango la Ikulu au hadi jengo la Mahakama Kuu bila kuchoka.

Ndugu msomaji, naandika kuhusu watoto wanaolelewa nje ya familia zao kwa uamuzi wa mahakama, na kuhusu swali moja tunalolikwepa: mtoto wa namna hiyo anasemewa na nani pale hatima yake inapoamuliwa? Sitalijibu kama mwanasheria, kwa kuwa si mwanasheria. Shahada yangu ya uzamivu ni ya utawala wa umma. Nitalijibu kama mtu aliyekosea.

Sheria yetu inalinda faragha ya mtoto aliyefikishwa mbele ya Mahakama ya Watoto. Kwa hiyo sitataja jina lake, wala kijiji chao, wala mahakama iliyosikiliza shauri. Na kwa kuwa makala haya yanahusu kumsemea mtu bila kutumwa, niliona si sawa kuyachapisha kabla mwenyewe hajayasikia. Nilimsomea yote kwa simu, aya kwa aya. Aliniomba niondoe jambo moja. Nimeliondoa.

Mwaka 2021 mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Nasema "hivi" kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alikuwa akilala nyuma ya mabanda ya wakaangaji na kuamka kabla ya adhana ya alfajiri ili awahi kazi ya kubeba ndoo za maji. Mama mmoja muuza samaki, ambaye nilikuwa mteja wake, ndiye aliyenivuta kando siku moja. "Dokta," akasema, "huyu mtoto leo siku ya tatu ana homa. Wewe msomi, unajua pa kumpeleka." Sikujua. Nilikuwa nimefundisha sera za jamii kwa zaidi ya muongo mmoja, lakini sikujua mlango upi ubishwe. Tulianza kwenye ofisi ya mtaa, tukaenda kwenye ofisi ya kata, kisha zahanati, na jioni tukawa mbele ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Sina neno baya juu ya afisa yule. Mezani pake palikuwa na mafaili ya baba wasiotoa matunzo, wazee waliotelekezwa, wanawake waliopigwa na watoto waliopotea, na yote yalimsubiri yeye. Simu aliyotumia kututafutia nafasi ilikuwa yake, na salio lilikuwa lake. Mtoto alipelekwa kwanza katika makao ya watoto kwa majuma kadhaa. Baadaye mimi na mke wangu tuliulizwa kama tungekubali kuwa familia ya kuaminika, yaani nyumba iliyochunguzwa na kuridhiwa kumpokea mtoto kwa muda huku ndugu zake wakitafutwa. Wanetu wawili walikuwa shule za bweni, na nyumba ilikuwa na nafasi. Tulikubali.

Hapa niseme neno kuhusu lugha. Kiswahili cha ofisini huyaita malezi ya namna hii, yanapokuwa rasmi na ya muda mrefu zaidi, "malezi ya kambo". Waliolichagua neno hilo walikuwa na nia njema, lakini kila aliyelelewa kwa hadithi za bibi anajua mama wa kambo ni nani: ni yule anayempunja mtoto chakula na kumtuma kisimani usiku. Mke wangu alilichukia neno hilo. Aliapa kwamba hakuna atakayesema mtoto yule alilelewa kikambo nyumbani kwake. Alimfungia chandarua kipya, akamnunulia sare na begi, nami nikamnunulia viatu vyeusi vya shule. Baada ya miezi michache alikuwa akitusomea kwa sauti vipande vya magazeti vilivyofungiwa vitumbua. Alituita anko na anti. Sisi tulisubiri siku atakayotuita baba na mama, na nakiri kwamba tulianza kuihesabu siku hiyo kama haki yetu.

Kisha, mwishoni mwa mwaka 2022, afisa alitupigia simu. Bibi mzaa mama alikuwa amepatikana huko Rufiji. Mama wa mtoto alikuwa amefariki. Baba wa kambo akamchukua mtoto na kuja naye mjini. Mtoto akatoroka kipigo. Bibi alikuwa akiulizia habari zake kwa kila dereva wa basi aliyemfahamu. Sasa alimtaka mjukuu wake. Kwa kuwa afisa alikuwa akiandaa maombi ya kumweka mtoto kwetu kwa muda mrefu zaidi, suala likafika mahakamani.

Taarifa ya uchunguzi wa jamii iliyopelekwa kwa hakimu ilikuwa imeandikwa vizuri. Ililinganisha nyumba mbili. Yetu ni ya matofali, ina umeme na maji, na shule iko umbali wa dakika kumi. Ya bibi ni ya udongo na makuti, riziki yake ni shamba la mpunga, na shule iko mbali. Ilipendekeza mtoto abaki kwetu. Niliisoma nikaridhika.

Siku ya shauri hakimu aliuliza kama kuna mwenye jambo la kuongeza. Nilisimama, nikasema kwa sauti yangu ya darasani: "Mheshimiwa, mtoto huyu amekwisha kuizoea familia yetu. Anataka kubaki." Bibi alikuwa amekaa pembeni, kanga mabegani, ametoka kwake saa kumi za usiku ili awahi. Mtoto alikuwa akitazama viatu vyake, vile vyeusi.

Hakimu hakuandika nilichosema. Alimgeukia mtoto na kumuuliza kwa upole, "Mwanangu, ndivyo?" Mtoto alinyamaza. Hakimu akauliza, "Huyu mtoto ana nani hapa?" Afisa akajibu kwamba yeye ndiye aliyeleta maombi kwa ajili ya mtoto. Hakimu akasema, "Wewe umeleta maombi. Baba huyu ana lake. Bibi ana lake. Nimeuliza, mtoto ana nani?" Shauri likaahirishwa ili mtoto apatiwe msaada wa kisheria.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilijiona nimetukanwa. Nani angemsemea mtoto yule kuliko mimi niliyekesha naye akiwa na homa? Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakimu alikuwa ameuliza swali ambalo sheria yetu inaliuliza, ingawa sisi tunaoitekeleza mara nyingi hatulisikii.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, miaka miwili baada ya kupitishwa kwake. Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika shauri lolote linalomhusu, ama yeye mwenyewe, ama kupitia mwakilishi. Mwaka 2003 tuliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao katika kifungu chake cha 4 unaongeza sharti ambalo wengi hatulitii: mwakilishi huyo asiwe na upendeleo. Sheria yetu wenyewe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ilianzisha Mahakama ya Watoto, ikasema maslahi ya mtoto yatangulie, na katika kifungu cha 99 ikaweka taratibu: shauri lisikilizwe faraghani, kwa njia ya kuuliza na si ya kushindana, afisa ustawi wa jamii awepo, mtoto awe na haki ya kuwakilishwa na wakili, na awe na haki ya kueleza maoni yake.

Tazama jinsi mambo hayo yalivyopangwa. Kuwepo kwa afisa ni sharti. Wakili ni haki. Nasi watu wa utawala wa umma tunajua kwamba sharti hutekelezwa kwa sababu shauri haliendi bila hilo, ilhali haki husubiri mwenye nayo aidai. Mtoto wa miaka kumi hawezi kudai asichojua kipo. Matokeo yake ni kwamba afisa mmoja hujikuta akichunguza familia, akileta maombi, akiandika taarifa, akipendekeza uamuzi, na kisha akihesabiwa kuwa yeye pia ndiye sauti ya mtoto. Zaidi ya hayo, ameajiriwa katika serikali ya mtaa, mamlaka ile ile iliyopewa na sheria jukumu la kulinda ustawi wa watoto wa eneo lake, na ambayo bajeti yake ndiyo itakayobeba gharama za uamuzi. Huo ni mgongano wa maslahi. Hautokani na ubaya wa mtu, bali na kumvisha mtu mmoja kofia nne.

Wakili aliyepatikana kwa msaada wa kisheria alikuwa kijana makini. Alikuja kwetu, akakaa sebuleni na mtoto kwa muda usiozidi nusu saa, akauliza maswali mazuri, akajibiwa "ndiyo", "hapana" na "sijui". Alipoondoka nilifurahi, kwa kuwa niliona hakupata kitu. Lakini taasisi iliyomtuma ilikuwa na mtu mwingine, binti mhitimu wa ustawi wa jamii, na kazi yake ilikuwa kufanya kile ambacho wakili hana muda nacho wala ujuzi wake.

Alipofika mara ya kwanza nilimkaribisha kwa bashasha. "Karibu, binti yangu. Kaa, nikueleze yote kuhusu huyu mtoto." Akajibu, "Shikamoo, Dokta. Nitakusikiliza kwa heshima zote, lakini leo nimekuja kwake. Mimi sikutumwa kukuwakilisha wewe." Alikuja mara tano. Mara ya kwanza hakuuliza lolote. Alileta samaki na kumwomba mtoto amfundishe kuwaparua. Mara ya pili walipiga soga. Mara ya tatu, kwa ruhusa, walikwenda pamoja Feri, akaonyeshwa mahali mtoto alipokuwa akilala. Kati ya ziara hizo alipanda basi peke yake hadi Rufiji, akakaa na bibi siku nzima. Mara ya nne alimpa mtoto karatasi, akamwomba achore nyumba na watu anaotaka wawemo. Mtoto alichora bibi, akajichora mwenyewe, kisha akachora msichana mdogo ambaye katika nyumba yetu hakuna aliyepata kumsikia.

Alikuwa na mdogo wake. Mama yao alipofariki, baba wa kambo alimchukua mvulana kwa sababu angefaa kazi, msichana akaachwa kwa bibi. Mtoto yule alikuwa amekaa kwetu zaidi ya mwaka akila wali wetu, akisoma magazeti yetu, na kila usiku akimwaza mdogo wake. Taarifa ya uchunguzi haikumtaja, kwa sababu aliyeiandika alilinganisha nyumba, hakuhesabu waliomo. Alipoulizwa na yule binti kwa nini hakutuambia, alitoa sababu mbili. Ya kwanza: "Anti atalia." Ya pili: "Wamenisomesha. Nikisema nataka kwetu wataniona sina shukrani."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi moyoni. Tuna msemo wetu kwamba yatima hadeki. Tunautumia kumfunza mtoto uvumilivu, na hatufikiri unamfunza nini kingine. Unamfunza kwamba chakula alacho ni deni, na mwenye deni hachagui. Mtoto anayelelewa na asiye mzazi wake, hata akilelewa kwa upendo, anapima kila neno kabla ya kulisema mbele ya anayemlisha. Kwa hiyo mlezi ndiye mtu wa mwisho anayeweza kumsemea, na kadiri mlezi anavyompenda ndivyo ukimya wa mtoto unavyozidi. Mimi niliutafsiri ukimya wake kuwa kuridhika, kwa sababu tafsiri hiyo ilinipendeza.

Yule binti alimkabidhi wakili aliyoyapata, na wakili akayageuza kuwa hoja. Alimwonyesha hakimu kwamba Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Malezi Mbadala kwa Watoto, iliyopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, inasema umaskini pekee usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake, na kwamba ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe pasipo sababu nzito. Alisema nyumba ya makuti si kosa. Alisema kama tatizo ni daftari na sare, basi dawa yake ni daftari na sare, si kumhamisha mtoto. Peke yake wakili asingekuwa na hoja hiyo, kwa kuwa hakumjua mdogo mtu. Peke yake yule binti angemjua mdogo mtu, lakini asingekuwa na nafasi ya kusimama mbele ya hakimu. Ilihitaji wawili.

Uingereza ililijua jambo hili kwa gharama kubwa. Maria Colwell alikuwa mtoto wa mji wa Brighton, akilelewa na shangazi yake. Mwaka 1971 mama mzazi aliomba arudishiwe binti yake, mamlaka ya eneo haikupinga, na mahakama ikakubali, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa ameonyesha wazi kwamba hataki kwenda. Januari 1973, akiwa na umri wa miaka saba, aliuawa na baba wa kambo. Tume iliyochunguza kifo chake ilizaa mjadala uliozaa sheria ya mwaka 1975, iliyofungua njia ya mtoto kuwa na mtu wake mwenyewe mahakamani. Leo, katika mashauri ya kumtoa mtoto kwenye familia yake, mahakama huko huteua afisa ustawi wa jamii asiye mwajiriwa wa mamlaka iliyoleta maombi, naye humteulia mtoto wakili, wakafanya kazi wawili wawili. Mtoto akiwa na umri wa kuelewa na akatofautiana na afisa huyo, wakili humfuata mtoto, na afisa huieleza mahakama maoni yake kando.

Naomba msomaji aone kwamba Maria alitaka kubaki kwa waliomlea, na mtoto wetu alitaka kuondoka. Mmoja alirudishwa asipotaka, mwingine alikaribia kuzuiwa asipotaka. Hivyo hoja yangu haisemi kwamba damu ni nzito kuliko maji, wala kwamba mlezi ni bora kuliko ndugu. Inasema tu kwamba katika mashauri yote mawili watu wazima walikuwa na uhakika, na katika yote mawili uhakika wao ulikuwa juu ya mtoto ambaye hawakumsikiliza.

Najua majibu yatakayoletwa. La kwanza ni kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo na jamii, hivyo kumpa wakili ni kuiga wageni na kumfundisha ubishi mbele ya wakubwa. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa mimi mwenyewe nililelewa na shangazi. Lakini hata katika ukoo, shauri la mtoto likifika barazani, palikuwa na mjomba au bibi ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na mtoto pembeni na kumuuliza taratibu kabla wazee hawajaamua. Mtoto aliyeokotwa Feri hana mjomba pale barazani. Wakili na afisa wake ndio wanaoziba nafasi hiyo.

Jibu la pili ni gharama, na hilo halipuuziki. Hata hivyo, msingi tunao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka mfumo wa watoa huduma hiyo na ikawatambua wasaidizi wa kisheria. Wakenya, katika sheria yao ya watoto ya mwaka 2001, waliipa mahakama uwezo wa kuamuru mtoto asiye na mwakilishi apatiwe wakili kwa fedha zinazotengwa na Bunge. Na wataalamu wa ustawi wa jamii tunao. Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na leo vyuo vikuu kadhaa vinafundisha fani hiyo. Wahitimu wao nawaona wakizunguka Kariakoo na bidhaa mkononi huku vyeti viko kabatini. Kuwaoanisha na mawakili wa msaada wa kisheria, hata kwa mkataba wa muda, kungegharimu kidogo kuliko kumweka mtoto katika makao kwa miaka kwa sababu ya uamuzi uliofanywa gizani.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, ombi langu ni dogo: aliyeleta maombi asihesabiwe kuwa ndiye sauti ya mtoto. Iandikwe katika kila jalada mtoto alisema nini, alimwambia nani, na huyo aliyeambiwa analipwa na nani. Kwa wanaharakati: tumezoea kudai mawakili kwa watoto walioshtakiwa kwa makosa, na tuko sahihi, lakini mtoto ambaye hajatenda kosa lolote anaweza kupoteza nyumba, bibi na mdogo wake kwa karatasi moja, na hatumwandamii. Kwa wanafunzi wa sheria na wa ustawi wa jamii: anzeni kujuana mkiwa bado chuoni.

Mahakama iliamuru mtoto arudi kwa bibi yake, kwa amri ya usimamizi ya mwaka mmoja, nasi turuhusiwe kumsaidia masomo na kumwona wakati wa likizo. Februari 2023 tulimpeleka wenyewe. Mke wangu hakulia mbele yake. Alilia tulipofika Mkuranga wakati wa kurudi. Nilipitisha miezi kadhaa bila kuweza kupita Feri upande ule wa wakaangaji.

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yote yalikwenda sawa baadaye. Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika, na maji yakafunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Nyumba ya bibi ilikuwa miongoni mwa zilizoanguka. Amri ya usimamizi ilikuwa imekwisha muda wake miezi michache nyuma. Tulipofika tuliwakuta wamehifadhiwa kwa jamaa kwenye mwinuko, na mtoto hajaingia darasani kwa majuma. Nilimwambia, na moyoni nilikuwa na tumaini nisilolionea fahari, "Twende zako nyumbani hadi maji yapungue." Akanitazama kama mtu mzima. "Anko, nikienda mimi, nani atabaki na bibi na mdogo wangu?" Tukawaomba waje wote watatu. Bibi akashukuru, akakataa. Alisema maji yakishuka shamba halimsubiri mtu. Tulishusha unga, maharage, dawa na madaftari, tukarudi.

Njiani nilijiuliza kama mahakama ilikosea. Kwetu kulikuwa kukavu. Bado najiuliza, na yule binti, nilipomweleza, hakunipa jibu la kunifariji. Alisema tu kwamba yeye hakuwahi kuahidi kuwa mtoto atachagua pakavu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba aliyechagua anajulikana.

Sasa yuko darasa la sita. Hesabu inamsumbua, Kiswahili kinamnyookea. Juma lililopita, nilipomaliza kumsomea makala haya kwa simu, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama nimeandika kwamba alikuwa akiniita anko. Nikamwambia nimeandika, ila kama hapendi nitafuta.

"Hilo liache," akasema.